Ile "R" ya RS Berkane ni Renaissance. Kwa Kiswahili tuseme nini?

#1 ChaiYaRangi (mleta mada)
Wakuu, habari za muda huu.

Nina swali linaloonekana la kitoto lakini limenikaa kooni. Tangu fainali ile ya Kombe la Shirikisho Afrika ya Mei 2025, Simba na RS Berkane ya Moroko (watu wa Msimbazi mnisamehe, sikuja kutonesha kidonda) nimekuwa nikisema RS Berkane, RS Berkane, bila kujua R na S ni za nini. Juzi kijana wangu wa kidato cha pili kaniuliza mbele ya wageni. Ikabidi nitafute: Renaissance Sportive de Berkane. Sportive nikaelewa, mambo ya michezo. Renaissance nikamwambia ni "kuzaliwa upya". Kijana akaniangalia: "Kwa hiyo baba, hii ni timu ya walokole?"

Wageni wakacheka, mimi nikajifanya naangalia simu.

Shuleni tulikaririshwa Renaissance, ile enzi ya sanaa na elimu Ulaya iliyoanzia Italia karne ya 14, hivyohivyo kwa Kiingereza, ikaja kwenye mtihani, tukajibu, tukasahau. Kiswahili chake hakuna aliyetuambia. Ni mwamko? Uamsho? Ufufuko? Na neno lenyewe limetoka wapi? Wajuzi njooni.

#2 MnyamaDamu
Mbili bila kwao, moja moja pale Amaan. Unatuuliza lugha au unatusimanga?

#3 WaJangwani
Kuzaliwa upya waulizeni waliowahi kuitwa Eagles, wakaja kuwa Sunderland, ilipofika 1971 wakawa Simba. Hiyo ndiyo Renaissance Sportive de Msimbazi.

#4 MnyamaDamu
#3 klabu ya 1935 bado inajiita "Young". Babu wa miaka tisini kavaa kaptula. Nyamaza.

#5 Mwl_Kipara
Nawarudisha kwenye mada kabla uzi haujahamishiwa jukwaa la michezo.

Neno ni la Kifaransa. Naissance ni kuzaliwa, re- ni tena. Aliyelipa nguvu ni mwanahistoria Jules Michelet, mwaka 1855, alipolifanya jina la kipindi kizima katika historia yake ya Ufaransa. Miaka mitano baadaye, 1860, Jacob Burckhardt wa Basel akatoa kitabu chake juu ya Italia. Kaandika Kijerumani, lakini neno kaliacha na Ufaransa wake. Toka hapo dunia nzima ikalidaka.

Kinachochekesha ni kwamba wahusika wenyewe hawakujua kama wanaishi "Renaissance". Leonardo da Vinci kafa 1519. Ungemsalimia "habari za Renaissance" angedhani umelewa. Aliyekaribia ni Giorgio Vasari, mchoraji, aliyeandika habari za maisha ya wasanii mwaka 1550. Yeye alitumia neno la Kitaliano, rinascita. Lakini alikuwa na maana ya sanaa tu: kuchora, kuchonga, kujenga. Siyo enzi nzima, na siyo hili tunaloita "utamaduni".

Kiswahili chake sijui. Darasani nasema "mwamko" na siku zinakwenda.

#6 Mzee_wa_Msoma
Mwalimu, sisi tulifundishwa ilianza 1453, Waturuki walipoteka Konstantinopoli, wasomi wa Kigiriki wakakimbilia Italia na mizigo ya vitabu. Nilipata A.

#7 Mwl_Kipara
A yako halali mzee, hakuna anayeidai. Ila angalia tarehe. Mshairi Petrarca, ambaye wengi wanaanza naye, kafa 1374. Manuel Chrysoloras alianza kufundisha Kigiriki Florence mwaka 1397. Waliokuja baada ya 1453 walikuta mkeka umeshatandikwa. Waliongeza, hawakuanzisha.

#8 KasukuWaTanga
Mimi nashika Kiswahili tu, hayo ya Florence nawaachia.

Tuanze na kitenzi. Ukisema *amka*, mtu kaamka mwenyewe. *Amsha*, kuna mtu kaja kugonga mlango. Kwa hiyo mwamko ni wa aliyeamka, uamsho ni kazi ya aliyemwamsha. Fufuka na fufua ni vilevile: ufufuko, ufufuo. Huwezi kuchagua neno hapa bila kutaja nani alifanya kazi. Kifaransa kimekwepa: mtoto hajizai wala hatujaambiwa mama ni nani. Kazaliwa tu, basi.

Halafu kuna *zinduka*. Mtu alikuwa amezimia, kamwagiwa maji, kazinduka. Zuri sana. Tatizo uzinduzi umeshachukuliwa na wakata utepe. Ukisema "Uzinduzi wa Italia" watu watauliza mgeni rasmi ni nani.

#9 ChaiYaRangi
😂😂 #8 kula tano. Na "kuhuisha" je? Nililiona mahali, nikalipenda.

#10 KasukuWaTanga
Kuhuisha ni kutia uhai, asili yake Kiarabu, uleule wa "hai". Lingefaa kabisa. Lakini siku hizi uhuishaji ni katuni, na ukihuisha kitu ofisini umebadilisha namba ya simu kwenye fomu. Maneno yetu mazuri yanaajiriwa mapema mno.

#11 RenatusWaNgara
Nimepita kimyakimya miaka mitatu humu, leo nimelazimika kufungua akaunti.

Jina langu la ubatizo ni Renatus. Padri alituambia kwenye katekisimu kuwa ni Kilatini, "aliyezaliwa tena". Kwa hiyo kumbe mimi na hiyo timu ya Moroko ni wa ukoo mmoja. Na mke wangu ni Anastazia, ambalo ni Kigiriki, la ufufuko. Nyumbani kwangu kuna kuzaliwa upya na kufufuka, na bado paa linavuja.

#12 WaJangwani
Karibu Renatus. Wewe sasa ndiye msemaji wa Berkane kanda ya ziwa.

#13 MlokoleBukoba
Bwana asifiwe. Mleta mada, kijana wako hakukosea sana.

Huku kwetu neno hili halina mjadala: ni Uamsho. Wazazi wetu wameokoka katika ule Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Kabale, ukaenea Uganda, ukaingia Bukoba. Waganda wakawaita Balokole, yaani waliookoka, ndipo sisi tukapata "walokole". Hadi leo ukisikia wimbo wa Tukutendereza kwenye msiba ujue wamefika.

Na tuliuita hivyo kwa sababu, kwa ile tofauti ya #8, hapa mtu haamki mwenyewe. Anaamshwa. Kwa hiyo sioni kwa nini tuogope neno. Ulaya walikuwa wamelala, wakaamshwa.

#14 Mkunazini_Mtulivu
#13 nakuheshimu ndugu yangu, lakini hapa Unguja ukitamka Uamsho hakuna anayefikiria Gahini wala Florence. Wanafikiria ile jumuiya ya mashekhe yenye jina hilo na miaka waliyokaa gerezani. Neno lishapata kazi nyingine. Naishia hapo.

#15 Msimamizi_3
Asante kwa kuishia hapo. Tuendelee na lugha.

#16 Ngomeni_Msa
Salamu toka Mombasa. Nyote mwaitafuta Renaissance Italia na Moroko, ilhali iko hapa kwetu, yauzwa tiketi mlangoni.

Ngome ya Yesu ilianzwa kujengwa 1593, na aliyeichora ni Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, akiwafanyia kazi Wareno. UNESCO walipoiweka kwenye orodha yao mwaka 2011 walitaja jambo hilihili: umbo lake limefuata fikra ya Renaissance kwamba vipimo kamili hupatikana katika mwili wa binadamu. Wazee hapa husema ukiitazama toka juu ni mtu kalala chali, kichwa baharini. Mimi nimekulia nyuma yake. Tukipanda ukutani jioni kula mabuyu, twaegemea matumbawe yale yaliyochongwa, kiganja chatoka na vumbi jeupe. Hakuna aliyetwambia kuwa twaegemea mkono wa mtu.

Lakini kabla ya kuizaa ngome hiyo Wareno walikuwa washaichoma Mombasa, 1505, chini ya Francisco de Almeida, na Kilwa mwaka huohuo. Basi hilo neno lenu "kuzaliwa upya" kwetu lilifika na mizinga. Mimi nikilisikia sioni picha ya Leonardo, naona moshi.

#17 Mzee_wa_Msoma
#16 hii ya Mtaliano sikuijua. Nimekwenda pale mara mbili, mwongozaji akatuonyesha mizinga na vyoo.

#18 Binti_wa_Ghubra
Asalaam aleikum. Nawasoma kutoka Muscat.

Mbona hakuna aliyegusa Kiarabu? Berkane ni Moroko, na kwa Kiarabu timu hiyo inaitwa *Nahdhat Berkane*. Nahdha ni kuinuka, mtu aliyekuwa amekaa akasimama. Siyo kuzaliwa wala kufufuka. Waarabu walipotaka kutaja mwamko wao wa karne ya 19, wa Misri na Shamu, wa magazeti na tafsiri, wa kina Tahtawi aliyepelekwa Paris 1826 na Butrus al-Bustani wa Beirut, waliuita Nahdha. Wafaransa wakaja kulitafsiri Renaissance. Mtu kasimama, mkalimani kasema kazaliwa.

Na sisi huku Oman Nahdha ni tarehe. Tarehe 23 Julai 1970, Sultan Qaboos alipochukua nchi. Miaka mingi siku hiyo ilikuwa sikukuu. Bibi yangu mzaa mama alitoka Unguja, akaja huku miaka ya sabini, na mpaka anakufa alikuwa akihesabu mambo kwa "kabla ya Nahdha" na "baada ya Nahdha". Kabla ya Nahdha skuli nchi nzima zilikuwa tatu, barabara ya lami kama kilomita kumi, na lango la Muscat likifungwa usiku, ukitembea baada ya hapo ubebe taa. Taa yenyewe waliomtangulia huku walikuwa nayo, fanusi imefanya kutu chini, bibi akaitundika jikoni. Nikimuuliza Nahdha maana yake nini kwa Kiswahili, ananijibu, "Umeme."

#19 FundiBaskeli
Bibi kamaliza uzi. Umeme.

#20 Nanga_Kuukuu
#18 umenifumbua. Nahdha, nahdhi, nahodha! Nahodha ndiye anayesimama kwenye tezi kuwainua wengine. Na wale jamaa zangu kina Nahdi wa Mombasa na Tanga kumbe ukoo wao una maana ya Renaissance. Kiswahili kilikuwa nalo neno siku zote!

#21 KasukuWaTanga
#20 taratibu, jahazi litakwenda mrama.

Nahodha ni Kiajemi. *Nav* ni chombo, *khuda* ni bwana: bwana wa chombo. Nahodha yuko mbali na Nahdha kama Bagamoyo na Bujumbura. Kina Nahdi nao ni kabila la Hadhramaut, Banu Nahd, na kwa Kiarabu linaandikwa kwa herufi ya dali. Nahdha inaandikwa kwa dhadi, ileile ya Ramadhani na kadhi, ndiyo maana kwa Kiswahili ingekaa na "dh". Ni herufi mbili tofauti kabisa, hata kama sisi masikio yetu yanazichanganya.

#22 Nanga_Kuukuu
Nimekubali kwa shingo upande. Lakini nahodha husimama, hilo hamtanibishia.

#23 Binti_wa_Ghubra
😄 Husimama kweli.

Nyongeza kwa #14 na wa Unguja wengine: msidhani Nahdha ilikuja kwenu kwa meli ya abiria. Sayyid Barghash, sultani aliyetawala Zanzibar 1870 hadi 1888, aliweka mtambo wa kupiga chapa Unguja, ukatoa vitabu vya dini vya Kiibadhi, vikasomwa Oman na Algeria. Na mwaka 1911 Unguja ikawa na gazeti la Kiarabu, *al-Najah*. Wakati huo Muscat tulikuwa tunapokea, siyo tunatoa.

#24 Ngomeni_Msa
Na Mombasa musitusahau. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alitoa *Sahifa* mwaka 1930, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kisha *al-Islah* 1932. Aliwauliza Waislamu wa pwani kwa nini wamebaki nyuma, na kwa nini mabinti hawasomi. Sasa angalieni neno alilolichagua. Si Nahdha. *Islah*, kutengeneza. Kitu kimeharibika, chatengenezwa. Fundi huyo, si mkunga.

#25 Mkunazini_Mtulivu
Kuna la tatu la Kiarabu mmelisahau, na Waswahili tunalitumia kwenye mawaidha: *baathi*. Siku ya baathi ni siku ya kufufuliwa makaburini. Sasa chama cha Baath, kilichoasisiwa Damascus 1947 na Michel Aflaq na Salah al-Din al-Bitar, jina lake ndilo hilo. Walitaka kuwafufua Waarabu. Kilitawala Iraki, kikatawala Syria hadi Desemba 2024. Mimi neno la ufufuko kwenye siasa huwa nalikimbia.

#26 GombeSugu
Nataka kumuunga mkono #25 kwa njia nyingine. Ufufuko una maana ulikufa. Nani kasema tulikufa?

Nyerere katika hotuba yake ya kuwa Rais, Desemba 1962, aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Akasema tulifundishwa kucheza rumba na chachacha, lakini wangapi wanajua gombesugu, kiduo, lelemama? Watu huisoma kama habari ya kitu kilichokufa. Bibi yangu Pangani alikuwa na pembe zake za nyati za lelemama nyuma ya mlango wa chumbani, zimefungwa kwenye kanga iliyopauka. Mwaka 1962 zilikuwepo. Mwaka 1985 zilikuwepo, nilizishika, nikachapwa. Wanawake walizitoa kwenye arusi, wakazipiga, wakazirudisha. Hawakuwa wanafufua chochote. Ni wizara ndiyo iliyokuwa imelala.

#27 Mwl_Kipara
#26 hata Ulaya kuna ugomvi huohuo. Walioipenda Renaissance ndio waliosema kabla yake ilikuwa giza tupu. Mwaka 1927 Charles Homer Haskins, Mmarekani, akaandika kuwa karne ya 12 nayo ilikuwa na Renaissance yake: vyuo vikuu vilianza, na vitabu vya Aristotle vilikuwa vikitafsiriwa toka Kiarabu kule Toledo. Ili uzaliwe upya lazima kwanza mtu akuandikie cheti cha kifo.

#28 Mdogo_wa_Lubumbashi
Jambo bandugu. Huku Lubumbashi Renaissance hatutafsiri, tunaisema vile iko.

Nilete kisa cha kwetu. Mobutu alipogeuza nchi kuwa Zaire, Oktoba 1971, halafu 1972 akakataza majina ya kizungu, hakusema renaissance, alisema *authenticité*. Lakini kazi ilikuwa ileile, eti turudi kuwa sisi. Babu yangu alikuwa anaitwa René. Na René ndiye Renatus wa #11 kwa Kifaransa: aliyezaliwa upya. Karani akakata jina kwa kalamu nyekundu, akaandika la ukoo mara mbili kwa sababu babu hakuwa amejiandaa. Kwa hiyo aliyekuwa anaitwa "aliyezaliwa upya" alinyang'anywa jina ili azaliwe upya. Mpaka anazikwa, bibi alimwita René chumbani na lile lingine barazani.

#29 RenatusWaNgara
#28 nimesoma mara tatu. Msalimie bibi kama yupo.

#30 MwanaPanAfrika
Wazee mmekwenda Oman, Florence mkapita, Afrika yenyewe mnaigusa kwa kidole. Mwaka 1948 Cheikh Anta Diop, kijana Msenegali mwanafunzi wa Paris, aliandika makala akiuliza ni lini tutaweza kusema kuna renaissance ya Afrika. Jibu lake: hakuna, mpaka mwandike kwa lugha zenu. Akaandika hayo kwa Kifaransa, ndiyo, msinirukie, alikuwa Paris. Kabla yake Pixley ka Isaka Seme wa Afrika Kusini alihutubia pale Columbia, New York, mwaka 1906, juu ya kuhuishwa kwa Afrika. Halafu Thabo Mbeki wa Afrika Kusini akaja kulipandisha neno chati miaka ya tisini.

Na Ethiopia wameweka neno kwenye zege. Lile bwawa la Abbay (Nile ya Bluu) kwa Kiamhari ni *Hidase*, yaani Renaissance. Lilianza 2011, likazinduliwa Septemba 2025. (#8, hapo uzinduzi na utepe vyote vipo.) Majuzi nilisikia mtangazaji akisoma "Bwawa Kuu la Ufufuo", nikadhani ni la ubatizo.

#31 WaJangwani
Dakar kuna sanamu la Renaissance ya Afrika, mita 49, lilizinduliwa 2010. Waliolijenga ni Wakorea Kaskazini. Kwa kanuni ya #8 hiyo ni uamsho, siyo mwamko.

#32 MnyamaDamu
Leo kwa mara ya kwanza nakubaliana na mtu wa Jangwani. Niombeeni.

#33 MlokoleBukoba
Narudi na pendekezo, maana uamsho mmeukataa.

Sisi kibanjani tuna migomba. Mgomba ukishazaa unakatwa, kazi yake imeisha. Haufufuki. Lakini pembeni ya shina lilelile chipukizi limeshatoka kabla hata hujaukata mama yake. Ndiyo maana kibanja cha babu bado kinaitwa cha babu, na hakuna mgomba hata mmoja pale aliouona babu. Kwa nini tusiseme *mchipuko*? Mchipuko wa Italia. Mchipuko wa Waarabu. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyeamshwa, #26 pembe za bibi yako zinabaki mlangoni.

#34 KasukuWaTanga
Limenigusa hili. Vasari mwenyewe wa #5 aliamini sanaa ni kama mwili, huzaliwa, hukua, huzeeka, hufa. Yeye kapita njia ya binadamu, wewe umepita njia ya mgomba.

Pingamizi langu dogo: mchipuko unasikika mdogo mno. Chipukizi ni watoto wa gwaride. Kwetu Tanga tungesema *kuvuvumka*: mtoto aliyekuwa kadumaa, unamwacha mwezi mmoja, unarudi unakuta suruali haimtoshi. Mvuvumko.

#35 FundiBaskeli
Renaissance Sportive de Berkane = Mvuvumko wa Michezo Berkane. Mtangazaji atang'ata ulimi dakika ya tano.

#36 Binti_wa_Ghubra
Mimi nabaki na Nahdha. Tumechukua Ramadhani, tumechukua kadhi, hili moja litatushinda?

#37 Mzee_wa_Msoma
Litatushinda. Mjukuu wangu anasema "Ramazani".

#38 Ngomeni_Msa
Na wengine washaandika "Nadha" katika maoni yaliyofutwa. Twendeni na mwamko, lakini mtu akiniuliza wa nani, nitamwambia wa Mtaliano, na mzinga juu.

#39 Mwl_Kipara
Mwamko lina shida moja ambayo mimi kama mwalimu nakutana nayo kila muhula. Limechakaa. "Mwamko wa wazazi kuchangia uji ni mdogo." "Wananchi wameonyesha mwamko kwenye chanjo." Nikiandika ubaoni "Mwamko, Italia, karne ya 14 hadi 16", watoto wanadhani Waitaliano walijitokeza kwa wingi kujiandikisha.

#40 ChaiYaRangi
Nashukuruni wote, sikutegemea. Nimemsomea kijana uzi mzima tangu #5, akasikiliza mpaka ya umeme, akacheka, ya kalamu nyekundu akanyamaza. Kisha kachukua daftari la historia, kaandika "Renaissance (mchipuko, mvuvumko, mwamko, nahdha)". Nikamwambia chagua moja, mwalimu hatakubali manne. Akasema mwalimu ataweka tiki kwenye lile analolijua.

#41 RenatusWaNgara
Tumia Renatus. Fupi.

#42 Nanga_Kuukuu
Nahodha.

#43 KasukuWaTanga
#42 toka chomboni.

#44 FundiBaskeli
Samahani wakuu, nje ya mada kidogo. Ile FAR ya Rabat nayo ni nini?

#45 Mkunazini_Mtulivu
Forces Armées Royales. Jeshi la mfalme.

#46 MnyamaDamu
Hilo angalau lina Kiswahili chake. JKT.